Kuhama chuo baada ya mwaka wa kwanza: hesabu krediti kabla ya kufunga mizigo

Barua ya udahili ya chuo kipya inakuambia jambo moja tu, kwamba nafasi unayo. Utaingia mwaka wa ngapi, masomo mangapi kati ya uliyofaulu yatahesabiwa, utahitimu lini, hayo hayamo. Yako kwenye karatasi nyingine, tathmini ya krediti (zile pointi unazopata kwa kila somo ulilofaulu), na tabia mbaya ya karatasi hiyo ni kuchelewa. Mara nyingi inafika mtu ameshalipa amana ya nafasi na ameshawaaga wenzake. Hapo ndipo anapogundua kwamba mwaka mzima wa kazi umehesabiwa nusu.

Kwa hiyo ukianza kufikiria kuhama, anza na krediti. Insha, fomu na nauli vitakuja.

Namba tatu za kuuliza

Iandikie ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka (vyuo vikubwa huwa na afisa anayeshughulikia wanaohamia tu) uulize namba tatu: krediti zangu ngapi zitapokelewa, ngapi kati ya hizo zitaingia kwenye masharti ya shahada ninayoitaka, na ngapi zitabaki hadi nihitimu. Namba ya kwanza ndiyo wanayopenda kuitaja kwa sababu inapendeza. Ya pili ndiyo ya kushikilia.

Chukua mwanafunzi mwenye krediti 30. Chuo kipya kinazipokea zote. Kwenye tathmini, 18 zimelinganishwa na masomo halisi ya programu, na 12 zilizobaki zimetiwa kwenye kapu la masomo ya hiari. Programu yenyewe ina nafasi ya krediti 6 tu za hiari. Zile 6 za ziada zitaonekana kwenye rekodi yake mpaka ahitimu, ila hazimsogezi hatua. Kwa jina ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, lakini ana masomo mawili ya kufidia. Na kama mojawapo ni sharti la somo jingine linalofundishwa mara moja tu kwa mwaka, masomo mawili yanaweza kumla mwaka mzima. Watu hushangaa jinsi pengo dogo linavyozaa ucheleweshaji mkubwa. Sababu ni huo mnyororo wa masharti, wingi wa krediti hauhusiki sana.

Kisha kuna vipimo. Krediti si kipimo kimoja duniani. Marekani, vyuo vinavyofuata mihula miwili huhesabu takriban krediti 30 kwa mwaka na 120 kwa shahada ya kwanza. Vile vinavyogawa mwaka kwa robo huhesabu 45 kwa mwaka na 180 kwa shahada. Mfumo wa Ulaya, ECTS, ni 60 kwa mwaka, kila krediti ikisimama badala ya saa 25 hadi 30 za kazi, kuanzia mihadhara hadi kujisomea. Uingereza ni 120 kwa mwaka, krediti moja ikiwa saa 10, ndiyo maana mbili za Uingereza hulingana na moja ya ECTS. Mtu mwenye 60 za ECTS anayezisoma kwa macho ya Kimarekani atadhani ameshamaliza nusu ya shahada. Amemaliza mwaka mmoja.

Ukihama kutoka mfumo wa robo kwenda wa mihula, zidisha kwa mbili, gawa kwa tatu. Somo la krediti 4 za robo linakuwa 2.67. Sharti la chuo kipya ni somo la krediti 3. Maudhui yanalingana, hesabu hailingani, na pengo ni theluthi moja ya krediti. Vyuo vingine hulifumbia macho, vingine hukubali sharti limetimia lakini vikataka ufidie jumla kwingineko, na vichache hukurudisha darasani. Uliza mapema, na jibu liwe la maandishi.

Mambo yanayokata krediti

Alama ndogo ndiyo ya kwanza. Vyuo vingi vya Marekani havipokei chini ya C, hata kama kule ulikotoka D ilikuwa ni kufaulu. Masomo ya kuandikwa "amefaulu" au "hakufaulu" bila herufi wala namba hutiliwa shaka, kwa sababu msomaji wa rekodi hana namna ya kujua kama ulipita kwa kishindo au kwa kubahatisha. Masomo ya maandalizi, yale ya kumfikisha mtu kwenye kiwango cha chuo, kwa kawaida hayahesabiwi kabisa.

La pili ni masomo ya sayansi yenye maabara. Chuo kimoja huunganisha mhadhara na maabara kuwa somo moja, kingine huvitenga kwa misimbo miwili. Ukichukua mhadhara bila maabara ukaenda kwenye chuo kinachoviunganisha, unaweza kukosa vyote viwili, kwa kuwa hakuna somo zima la kulinganisha nalo. Kama una nafasi ya kuchagua ukiwa bado mwaka wa kwanza, usiache maabara iende muhula mwingine.

La tatu huwanasa wanafunzi wazuri kabisa: masomo yanayoendelea sehemu ya kwanza na ya pili. Kalkulasi, fizikia, kemia, uhasibu, lugha. Kila chuo kina mahali pake pa kukatia. Kwenye kalkulasi, tuseme, kwako sehemu ya kwanza inaishia kwenye utafutaji wa eneo kwa intigrali. Kule unakohamia, sehemu ya kwanza ilishagusa mbinu za intigrali na ya pili inaanza na mifuatano. Ukihama katikati, kuna mada utakayoisoma mara mbili na nyingine ambayo hutaisoma kamwe, na hiyo ya pili ndiyo itakayokuja kwenye mtihani. Maliza mfululizo mzima chuo kimoja, au usiuanze.

Lipo na sharti la kusoma sehemu fulani ya shahada kwenye chuo kinachokutunuku, mara nyingi isiyopungua robo. Kwa anayehama baada ya mwaka mmoja halina uzito. Huwabana wanaohama wakiwa wamebakiza kidogo.

Programu zinazosimamiwa na bodi za taaluma zina ugumu wake. Uuguzi, udaktari, uhandisi, sheria, usanifu majengo: mtaala wake umepangwa mwaka kwa mwaka, saa za mafunzo kwa vitendo zinahesabiwa, na usanifu hudai jalada la kazi ulizochora kabla ya kukupangia studio. Hapa jiandae kwa uwezekano mkubwa wa kuanza mwaka wa kwanza upya. Angalia pia ithibati ya programu yenyewe, pamoja na ya chuo. Chuo kinaweza kuwa na ithibati huku programu fulani ndani yake haina, na aliyetoka kwenye programu hiyo hupata taabu kila mlango anaobisha.

Muhtasari wa somo, karatasi inayookoa krediti

Anayelinganisha masomo yako hakufahamu. Ana jina la somo, msimbo, na alama. Jina kama "Utangulizi wa Takwimu" halimwambii kama mlifika kwenye regresheni au mliishia kwenye wastani na chati. Akikosa ushahidi, njia salama kwake ni kulitia somo kwenye kapu la hiari. Ushahidi ni muhtasari wa somo, ile karatasi ambayo mhadhiri huigawa wiki ya kwanza na wengi huiacha chini ya kiti.

Muhtasari unaofaa una msimbo na jina la somo, muhula na mwaka uliosoma, idadi ya krediti, saa za mihadhara na za maabara kwa wiki, mada za kila wiki, vitabu vya kiada, na mgawanyo wa alama (kazi za darasani asilimia ngapi, mtihani wa mwisho asilimia ngapi). Uwe wa muhula ule ule uliosoma, maana mtaala ukibadilishwa mwaka unaofuata, muhtasari mpya unaweza kukukana. Kurasa mbili zenye mada za wiki kwa wiki zina nguvu kuliko kurasa kumi za kanuni za mahudhurio.

Hifadhi yote kama PDF nje ya mfumo wa chuo, siku hiyo hiyo unayoipata. Akaunti ya mwanafunzi hufungwa baada ya kuondoka, na mhadhiri wa muda aliyekufundisha huenda hayupo tena. Hifadhi pia ripoti za maabara, insha kubwa na karatasi za mitihani ukiruhusiwa kuzichukua. Zitakufaa siku ya rufaa. Kama lugha ya kufundishia ni tofauti, tafuta mtafsiri aliyeidhinishwa, kwa kuwa tafsiri ya kujifanyia mwenyewe haipokelewi.

Na GPA, ule wastani wa alama zako? Kwa kawaida haihami. Krediti zinavuka, alama zinabaki ng'ambo, na chuo kipya kinaanza kuhesabu kutoka sifuri. Aliyefanya vibaya hushusha pumzi, lakini aliyekuwa na 3.8 anapaswa kulifikiria vizuri, kwani muhula wake wa kwanza ugenini, wenye masomo magumu ya mwaka wa pili na wahadhiri asiowajua, ndio utakaobeba wastani wote mpaka mihula mingine iongezeke. Rekodi ya zamani nayo haipotei. Ukiomba shahada ya uzamili utatakiwa kuleta transkripti (rekodi rasmi ya masomo na alama) ya kila chuo ulichosoma. Kuficha chuo cha kwanza kwenye fomu ya maombi ni udanganyifu, na ukigundulika hata mwaka wa tatu unaweza kufukuzwa.

Kalenda

Kwa anayetaka kuanza mwaka mpya wa masomo kwenye chuo kingine, kazi huanza miezi minane au tisa kabla, maana yake kuelekea mwisho wa muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza. Inaudhi, kwa sababu ndio wakati ambao mtu hata hajajua kama anataka kuhama au amechoka tu. Unaweza kukusanya mihtasari na kuuliza zile namba tatu bila kujifunga na lolote.

Marekani, maombi ya kuhamia muhula unaoanza Agosti au Septemba hufungwa zaidi kuanzia Machi na kuendelea, na ya kuhamia Januari huangukia Oktoba au Novemba. Vyuo vingi hutumia Common App (mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vingi), ambayo ina fomu yake ya wanaohama, tofauti na ile ya wanaotoka sekondari. Usijaze ile uliyoizoea. Ukiwa bado huna krediti nyingi, watataka pia matokeo yako ya sekondari, kwa sababu muhula mmoja wa chuo hauwatoshi kukupima. Wanaweza kuomba na ripoti ya katikati ya muhula, ambapo kila mhadhiri anaandika unavyoendelea. Wape wahadhiri wiki mbili, si siku mbili.

Uingereza maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo, na kwenye fomu kuna sehemu ya mwaka wa kuingia. Ukiiacha wazi unaombewa mwaka wa kwanza. Ukitaka wa pili unaandika 2. Kabla ya kuandika 2, kiandikie chuo, kwa sababu kozi nyingi hazipokei mtu mwaka wa pili, na ombi la namna hiyo linakataliwa bila kujali alama zako. Kenya, kwa waliopangiwa vyuo na KUCCPS (taasisi ya serikali ya kuwapangia wanafunzi vyuo), uhamisho wa chuo hadi chuo huombwa kwenye tovuti ya KUCCPS dirisha likiwa wazi, na ni lazima uwe umefikia alama za kukata, yaani za chini kabisa zinazokubaliwa, za programu unayoitaka. Matokeo ya kidato cha nne bado yanakufuata hapo.

Barua za mapendekezo ni tatizo la kipekee la mwaka wa kwanza. Umekaa kwenye kumbi za watu mia tatu, nani akujue? Chagua masomo mawili yenye vikundi vidogo, semina au maabara, na uende ofisini kwa mhadhiri ukiwa na swali la somo, mapema katika muhula. Anayetokea wiki ya mwisho kuomba barua hupata barua ya mistari minne inayosema alihudhuria.

Insha ya sababu za kuhama iwe fupi na ya mahususi. Taja masomo mawili au matatu yaliyoko kule ambayo kwako hayapo, maabara fulani, mwelekeo wa programu. Usikiponde chuo ulichopo. Msomaji anajiuliza kama utakiponda na chake mwaka ujao. Kama matokeo ya muhula mmoja yalishuka kwa sababu inayoeleweka, sentensi mbili zinatosha, kisha onyesha kilichobadilika.

Upo pia upande wa nidhamu: chuo kipya huomba uthibitisho kwamba hali yako kitaaluma na kinidhamu ni nzuri. Mwenye sapu (mitihani ya marudio) ambazo hajazifanya, au aliye kwenye onyo la kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, amalize hayo kwanza. Kuhama si njia ya kukimbia disko. Mlango wa pili unauliza ulivyotoka kwenye wa kwanza. Na kama shida yako ni programu na wala si chuo, jaribu kubadili programu hapo hapo. Krediti zako tayari zinatambuliwa, msajili ni yule yule, na mara nyingi ni fomu moja yenye saini mbili.

Pesa na viza

Ufadhili wa chuo haumfuati mwanafunzi, unabaki na chuo. Ufadhili wa serikali au shirika huweza kuhama kwa idhini ya maandishi, iliyoombwa kabla ya kuondoka. Uliza pia kama chuo kipya kinatoa ufadhili kwa wanaohama, kwani baadhi huwatengea wanaoanza mwaka wa kwanza karibu fungu zima.

Mikopo ina hesabu zake. Uingereza kwa upande wa England, miaka ya mkopo wa ada hupatikana hivi: urefu wa kozi mpya, jumlisha mwaka mmoja, toa miaka uliyokwisha kusoma. Kozi ya miaka mitatu kwa aliyesoma mmoja: 3 + 1 − 1, unabaki na 3. Inatosha kuanza upya mwaka wa kwanza, lakini ule mwaka wa akiba umekwisha. Ukija kurudia mwaka tena, ada ni juu yako. Marekani, misaada ya serikali kuu haihami yenyewe: unaongeza chuo kipya kwenye FAFSA, fomu ya kuombea misaada hiyo, nacho kinapanga upya. Na ukiacha masomo kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya msaada inahesabiwa kuwa hukustahili na hurudishwa, na chuo kinaweza kukudai tofauti. Ondoka mwaka ukiisha, usiondoke wiki ya sita.

Wageni wenye viza wana saa nyingine inayowagongea. Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hahami kwa kufunga begi: rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) huhamishwa na chuo cha zamani kwa tarehe maalumu, na ni baada ya tarehe hiyo ndipo chuo kipya kinaweza kutoa I-20 yao, fomu inayothibitisha nafasi yako kwa ajili ya viza. Kabla ya tarehe hiyo unaweza kughairi. Ikishapita, rekodi iko mikononi mwa wapya. Masomo lazima yaanze ndani ya miezi mitano, na unatakiwa kuripoti kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni ndani ya siku 15 tangu programu ianze. Uingereza, viza ya mwanafunzi imefungwa kwa chuo kinachokudhamini, hivyo chuo kipya maana yake ni CAS mpya (uthibitisho wa udhamini kutoka chuoni) na ombi jipya la viza.

Mpangilio wa kuondoka

Usitupe mbachao kwa msala upitao. Fomu ya kujiondoa chuoni ndiyo ya mwisho kusainiwa. Kabla yake uwe na barua ya udahili, tathmini ya krediti ya maandishi, hata kama ni ya awali, na jibu la pesa. Kama chuo kinaruhusu kuahirisha masomo kwa mwaka, ahirisha badala ya kujiondoa. Mambo yakigoma, unarudi bila kuomba upya. Hakikisha tu kwamba kuahirisha hakukufungii viza au mkopo, na kwamba chuo kipya hakidai uthibitisho wa kujiondoa.

Madeni yalipe wiki sita kabla ya kuomba transkripti: maktaba, maabara, hosteli. Kitabu kimoja kisichorudishwa kinaweza kuishikilia transkripti mpaka nafasi ipite. Transkripti hutumwa na msajili moja kwa moja, kwa mfumo wa kielektroniki au kwa bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri. Ukiifungua bahasha, imeharibika. Agiza moja ya ziada ubaki nayo ikiwa imefungwa. Hakikisha jina linafanana herufi kwa herufi na la pasipoti na la maombi. Jina la tatu likikosekana upande mmoja, nyaraka zako hukaa kwenye faili la mtu asiyekuwepo.

Malazi, kwa kifupi: mabweni hutengwa kwanza kwa wanaoanza mwaka wa kwanza, na anayehamia hupata yaliyobaki. Omba siku ile ile unapothibitisha nafasi.

Ukifika, fungua mpango wa shahada kwenye mfumo wa wanafunzi na uulinganishe na tathmini, somo kwa somo. Ukikuta somo kwenye kapu la hiari na unaamini linalingana na la programu, rufaa huenda kwa idara inayofundisha somo hilo, kwa kuwa ofisi ya udahili haina mamlaka ya kusema fizikia yako ni sawa na yao. Ambatanisha muhtasari wako na muhtasari wao, na jedwali la safu mbili linaloonyesha mada yako ya wiki ya 4 iko kwenye wiki yao ya 6. Mkuu wa idara mwenye jedwali mbele yake huamua kwa dakika kumi. Asiye nalo huliweka faili pembeni. Rufaa huwa na mwisho wake, mara nyingi ndani ya muhula wa kwanza.

Transkripti uliyoombea udahili haikuwa na muhula wa pili. Ile kamili lazima itumwe baada ya matokeo kutoka, na chuo cha zamani hakitaituma bila wewe kuiagiza. Isipofika, vyuo vingi hukufungia usajili wa muhula unaofuata, na utaiona alama ya kizuizi asubuhi ya siku ya kujisajili, wakati masomo yenye nafasi chache yanajaa. Piga simu kwa msajili wa chuo kipya wiki mbili kabla ya siku hiyo, uulize swali moja: imeingia?